Je, Wajua? Mgema wa Ubelgiji Aliyesifiwa Akakataa Kutia Maji

Je, wajua kuwa pua yako inaweza kukutana na karafuu ndani ya bia ambayo haikutiwa hata punje moja ya karafuu? Mimina bia iitwayo tripel ya watawa wa Westmalle, Ubelgiji, ngoja povu litulie, kisha sogeza pua. Mtu aliyekulia Pemba ataitambua harufu hiyo kabla hajaambiwa. Ni kazi ya hamira. Inapoila sukari ya kimea haitoi kilevi na gesi peke yake, hutoa pia chembe za harufu, na mojawapo ni ya ukoo mmoja na ile inayoifanya karafuu inukie. Hamira hiyohiyo huleta na harufu ya ndizi mbivu. Hapo hatusemi kwa kufananisha: kemikali inayonukia ndani ya ndizi iliyoiva ndiyo inayonukia ndani ya bia.

Kwa hiyo huniuma kumwona mtu wetu akionja bia ya Ubelgiji, kisha akaenda kuazima maneno ya kuisifu kwa wanywa mvinyo wa Ufaransa. Maneno tunayo. Ukwaju, embe bichi, sukari guru, tende, zabibu kavu, ganda la chungwa, ngozi mpya, moshi wa kuni: karibu kila kitu ambacho bia hizi zinanukia, pua ya mtu wa Tanga au Bukoba ilishakutana nacho jikoni, sokoni au zizini. Hata msomaji asiyegusa kileo maisha yake yote ana kamusi nzima ya kazi hii puani mwake.

Je, wajua kuwa Ubelgiji nzima ni ndogo kuliko Mkoa wa Dodoma, na bado ina bia za aina zinazokaribia 1,500? Utamaduni huo wa bia uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Kikao kilichopitisha uamuzi huo kilikaa Afrika Mashariki, jijini Addis Ababa.

Mwaka huohuo wa 2016 likatokea jambo jingine. Kampuni ya AB InBev, yenye makao makuu katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, iliinunua SABMiller, na ndani ya mali za SABMiller ilikuwemo Tanzania Breweries. Tangu hapo anayefungua Safari au Kilimanjaro kule Mwenge anafungua bia yenye ndugu zake Leuven. Ndugu hao, niseme wazi, ni wa hisa kuliko wa ladha. Bia za Ubelgiji ninazozizungumzia hapa nyingi zinatoka kwenye nyumba ndogo, nyingine za familia moja kwa vizazi kadhaa.

Je, wajua kwa nini bia nyingi za Ubelgiji ni kali? Sababu mojawapo ni sheria. Mwaka 1919, kwa juhudi za waziri Emile Vandervelde, Ubelgiji ilipiga marufuku pombe kali kama jenever kuuzwa kwenye baa na mikahawa. Mnywaji aliyezoea kitu cha kumpasha moto kifua akabaki na bia tu, na watengenezaji wakamsogelea kwa kuongeza kimea na sukari ndani ya chungu. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980. Ilipoondoka, ladha ilikwisha kuota mizizi.

Hesabu kidogo: chupa ya Rochefort 10, bia ya watawa, ina sentilita 33 na kilevi cha asilimia 11.3. Ndani yake kuna kilevi mara moja na nusu ya kile kilichomo kwenye chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida ya asilimia 5. Chupa ni ndogo, na haitaki pupa.

Na ile 10 kwenye lebo si asilimia. Rochefort wana 6, 8 na 10. Watawa wenzao wa Westvleteren wana 8 na 12. Namba hizo zinatokana na kipimo cha zamani cha Ubelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Ndiyo maana Westvleteren 12 ina kilevi cha asilimia 10.2 tu.

Je, wajua kuwa Watrapisti, watawa wanaosimamia bia hizi, wanafuata Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa kwenye abasia za Peramiho na Ndanda? Kanuni inamtaka mtawa ale kwa jasho lake. Kusini mwa Tanzania jasho hilo limekuwa karakana, mashamba, hospitali na viwanda vya kuchapa vitabu. Ubelgiji limekuwa jibini na bia. Ili bia ipewe alama rasmi ya Trapisti lazima itengenezwe ndani ya eneo la abasia, chini ya usimamizi wa jumuiya ya watawa, na faida iende kwenye mahitaji ya abasia na kwa wenye shida. Ubelgiji zimebaki abasia tano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Orval na Rochefort. Ya sita, Achel, ilipoteza alama hiyo mwaka 2021 baada ya watawa wake wa mwisho kuondoka. Mitungi ilibaki, mapishi yalibaki, bia iliendelea kutoka. Alama ikaondoka na watawa. Mimi naona walioiondoa walifanya haki.

Uzi mmoja wa habari hii unafika hadi kwetu. Mwaka 1954 watawa wa abasia ya Scourmont, wenye bia ya Chimay, walianzisha nyumba ya kitawa Mokoto, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, katika milima ya Masisi.

Sasa tuingie kwa mgema. Methali tunayo sote: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, wajua kuna mgema aliyesifiwa na dunia nzima, na hakutia hata tone? Yuko Westvleteren, kijiji cha mashambani Flandria Magharibi, kwenye abasia ya Mtakatifu Sixtus. Mwaka 2005 wanywaji wa mtandao wa RateBeer waliitangaza Westvleteren 12 kuwa bia bora kuliko zote duniani. Magari yakapanga foleni kwenye vijia vya mashamba, na akiba ikaisha. Mfanyabiashara yeyote angejenga mtambo wa pili. Watawa walikataa. Walisema wanatengeneza bia ili waishi utawa wao, na ikishapatikana ya kutosha kwa maisha hayo, inatosha. Walichobadilisha ni utaratibu wa kuuza. Mnunuzi alipiga simu, akataja namba ya gari lake, akapangiwa siku na saa ya kuja kuchukua kreti zake, na akaahidi kutoziuza tena. Tangu 2019 oda huwekwa kwa intaneti, lakini ahadi ya kutoziuza tena iko palepale. Kwa miongo mingi chupa yenyewe haikuwa na lebo ya karatasi; ulisoma kizibo tu. Cha njano ni 12, cha bluu ni 8, cha kijani ni ile nyepesi.

Na ubora wake? Ni bia ya rangi ya kahawa, yenye tende, sukari iliyoungua kidogo na mkate mweusi, na mwisho wake ni mrefu. Nzuri kweli. Lakini kama ningepewa nafasi ya kupiga kura ningeiweka Rochefort 10 sambamba nayo, na Rochefort haikuhitaji nipigie simu mtawa yeyote. Sifa ya uhaba huingia kwenye ulimi wa mwonjaji bila yeye kujua, na ndiyo maana kwenye mashindano waamuzi hufichwa chupa. Huletewa glasi zenye namba tu.

Je, wajua kuwa mnywaji wa Nairobi au Arusha anayeagiza bia “moto”, yaani isiyotoka kwenye friji, ana wenzake Ubelgiji? Baridi kali huziba harufu. Bia nyeusi nzito za watawa huonjwa kwenye nyuzi 12 hivi, pengine hata zaidi, ndipo tende na zabibu zinapojitokeza. Bia nyeupe na lager ndizo zinazotaka baridi. Ukiwa na friji ya kawaida, toa chupa, iache mezani nusu saa. Onja mara moja mwanzoni na mara ya pili glasi ikiwa imebaki robo; utadhani umebadilishiwa kinywaji.

Kila bia na glasi yake. Kwenye baa ya kweli ya Ubelgiji mhudumu akikosa glasi ya bia uliyoagiza, hukuomba radhi kabla ya kuimimina kwenye nyingine. Ile ya Duvel inafanana na ua la tulipu, na kitako chake kimechorwa kwa ndani ili mapovu yapate pa kuanzia na yapande bila kukoma. Ya Orval ni kikombe kipana kama kalisi ya kanisani. Aliichora msanifu majengo Henry Vaes, ambaye ndiye aliyeijenga upya abasia yenyewe.

Ya Kwak ina kitako cha mviringo. Haisimami peke yake, husimamishwa kwenye kishikio cha mbao. Mjini Gent kuna baa inayoitwa Dulle Griet ambako ukitaka bia kwenye glasi ndefu ya namna hiyo ya zaidi ya lita moja, unavua kiatu kimoja na kukiweka rehani. Kikapu hukipandisha hadi darini, nawe unakaa na soksi mpaka utakaporudisha glasi.

Povu nalo ni ushahidi. Likishuka polepole na kuacha pete juu ya pete kwenye ukuta wa glasi, glasi ni safi. Likizimika mara moja, usiilaumu bia kwanza. Tazama kama glasi ina mabaki ya sabuni, au kama midomo yako ina mafuta ya samaki wa kukaanga. Mafuta huua povu papo hapo.

Lakini maajabu yenyewe ya Ubelgiji, kwangu mimi, hayako kwa watawa. Yako Brussels, mtaa wa Anderlecht, karibu na kituo cha treni cha Kusini, kwenye jengo la kawaida kabisa la Cantillon, nyumba ya bia iliyoanzishwa mwaka 1900. Hapo, na kwenye mashamba ya Pajottenland magharibi mwa jiji, hutengenezwa lambic, bia isiyotiwa hamira na mtu.

Maji ya kimea cha shayiri yaliyochanganywa na ngano isiyooteshwa, angalau asilimia 30, huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Hopsi hizo zimewekwa makusudi zikachakaa kwa miaka, hazina tena uchungu wa kutisha, kazi yake ni kulinda bia tu. Kisha usiku maji hayo hupandishwa darini na kumwagwa kwenye sinia kubwa la shaba, pana na lenye kina kifupi, madirisha yakiwa wazi. Yanapopoa, vijidudu vya hewani, vya kwenye boriti na vya kuta za kale huingia vyenyewe. Asubuhi hushushwa kwenye mapipa ya mwaloni, na humo vijidudu hivyo hufanya kazi kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu.

Je, wajua kuwa lambic hupikwa miezi ya baridi tu, takriban Oktoba hadi Aprili? Kiangazi hewa ina vijidudu vingi mno vibaya. Na wajua kuwa kwa Cantillon hawaui buibui? Utando umetanda juu ya mapipa kwa sababu buibui hula nzi wanaofuata matunda na utamu. Mgeni huona uchafu, mwenye nyumba anaona walinzi.

Msomaji wa pwani ataniuliza: kwani sisi hatuna? Tunayo. Mgema akishusha mnazi alfajiri ni mtamu, jioni umekolea, kesho ni siki, na hakuna aliyetia hamira. Ulanzi wa Iringa na Njombe hivyo hivyo hujichachua ndani ya mwanzi. Kazi ni ileile ya vijidudu vya porini. Mnazi una saa chache za utukufu wake, na mgema anazijua zote. Mtu wa Pajottenland ana baridi ya msimu, pipa la mwaloni, na subira ya miaka mitatu.

Gueuze ni mchanganyiko wa lambic za umri tofauti, ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu. Changa huleta sukari iliyobaki, kongwe huleta hekima ya ladha. Zikifungiwa pamoja kwenye chupa nzito yenye kizibo cha gome na waya, huchachuka upya na kutoa gesi kama shampeni. Kriek ni lambic iliyolazwa na cheri chachu, kokwa na vyote. Zipo kriek tamu za dukani zenye ladha ya soda. Mimi siwazuii wanaozipenda, lakini iliyo kavu, yenye ukali wa embe bichi lililochovywa kwenye chumvi, ndiyo iliyonifanya nikae kimya mezani.

Ukitaka ngazi ya kupandia kabla ya kufika huko, anza na Rodenbach ya mji wa Roeselare. Hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyosimama wima, marefu kuliko mtu, yako karibu 300. Grand Cru yake ni theluthi mbili bia iliyokaa miaka miwili na theluthi moja bia changa. Pua itakwambia ukwaju na siki ya zabibu.

Je, wajua kuwa bia nyeupe ya Ubelgiji ilikufa na ikafufuliwa na muuza maziwa? Kijiji cha Hoegaarden kilikuwa kimejaa watengenezaji wake kwa karne nyingi, lakini katika miaka ya 1950 wa mwisho alifunga. Pierre Celis, ambaye ujanani alisaidia kazi kwenye kiwanda cha jirani, aliikumbuka ladha. Mwaka 1966 akaanza kuitengeneza tena: ngano, shayiri, maganda ya machungwa yaliyokaushwa na mbegu za giligilani, ambazo Mombasa wataziita dania. Mwaka 1985 moto uliunguza kiwanda, msaada wa kampuni kubwa ukaja na mwisho wake ikawa ni ya kampuni hiyo. Mzee Celis akahamia Austin, Texas, akaanza upya. Leo bia nyeupe za mtindo wake hutengenezwa katika mabara mengi, na zote zina deni kwa kumbukumbu ya ulimi wa mtu mmoja.

Je, wajua kuwa zamani huko Flandria mchanganyiko wa mimea ya kutia kwenye bia uliitwa gruut, na haki ya kuuuza iliitajirisha familia moja ya Brugge kiasi kwamba kasri lao, Gruuthuse, bado limesimama na ni makumbusho? Wachaga wana msesewe, gome chungu linalotiwa kwenye mbege. Uchungu umekuwa na thamani kila mahali.

Brugge hiyohiyo, kiwanda cha De Halve Maan kilitandika mwaka 2016 bomba la zaidi ya kilomita 3 chini ya mitaa ya mawe, kupeleka bia kutoka mjini hadi kwenye mtambo wa kujaza chupa nje, ili malori yasiendelee kuutikisa mji wa kale. Wananchi walichangia gharama na wakalipwa kwa bia.

Duvel maana yake ni shetani. Bia ilizaliwa kwa jina la Victory Ale, kusherehekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka fundi viatu mmoja alipoionja na kusema hii ni shetani hasa. Jina likabaki. Ni ya dhahabu, nyepesi kwa macho, na ina asilimia 8.5.

Delirium Tremens, ya kijiji cha Melle tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ina tembo wa pinki kwenye chupa, kwa sababu Wazungu husema mlevi aliyezidi huona tembo wa rangi hiyo. Sisi tulitangulia: Kiswahili kinamwita mnyama huyo tembo, na pombe ya mnazi nayo tembo. Lubumbashi wameliweka neno hilo kwenye chupa. Bia yao ya rangi ya hudhurungi inaitwa Tembo, na dada yake wa rangi ya dhahabu anaitwa Simba. Mizizi ya bia za kiwandani katika Kongo, Burundi na Rwanda ni ya zama za Wabelgiji: kiwanda cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kilianzishwa 1923, Brarudi ya Burundi 1955, Bralirwa pale Gisenyi 1957. Walileta lager. Lambic na bia za watawa walibaki nazo kwao.

Je, wajua aliyeifundisha dunia kuandika kuhusu bia hizi alikuwa Michael Jackson? Si yule mwimbaji. Alikuwa mwandishi wa habari Mwingereza, aliyefariki 2007. Kitabu chake cha 1977 kilizipanga bia za dunia kwa aina, na cha 1991 alikitoa kwa Ubelgiji peke yake. Alisafiri, akakaa na watengenezaji, akawauliza. Kabla yake bia iliandikwa kama bidhaa. Yeye aliiandika kama kazi ya mtu na mahali.

Mwonjaji hujifunza na kasoro pia. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, ya siagi, ya karatasi iliyolowa, au ya kicheche: kila moja ina chanzo chake. Ya karatasi ni hewa iliyoingia na uzee. Ya kicheche ni mwanga. Jua likipiga hopsi kupitia chupa ya kijani au nyeupe, harufu hiyo huzaliwa kwa muda mfupi sana, na chupa ya kahawia ndiyo kinga. Ukiona kreti imeanikwa mbele ya duka tangu asubuhi, omba iliyoko ndani kivulini.

Ya mwisho ni Orval, na nimeiweka mwisho kwa upendo. Kwenye lebo yake kuna samaki mwenye pete mdomoni: hekaya inasema Mathilde, mwanamke mtawala kutoka Toscana, aliangusha pete ya ndoa kwenye chemchemi, akasali, samaki akaibuka nayo. Chemchemi ipo hadi leo ndani ya abasia. Watawa huuza madukani bia hiyo moja. Kabla ya kufungwa hutiwa hamira ya porini iitwayo Brettanomyces, na hamira hiyo huendelea kula sukari iliyosalia ndani ya chupa. Ikiwa changa, Orval ni chungu, inanukia maua ya hopsi na machungwa. Baada ya miezi sita uchungu umelainika. Baada ya mwaka ni kavu kabisa, na inanukia ngozi ya tandiko na nyasi kavu za zizi la farasi. Kuna baa Ubelgiji ambazo hukuuliza: changa au kongwe?

Lebo ina tarehe ya kujazwa. Ukibahatika kuzipata, nunua mbili za tarehe moja. Ya kwanza ifungue, andika unachonusa kwa maneno yako ya nyumbani. Ya pili ifunge kwenye gazeti, isimamishe wima gizani, chini kabisa ya kabati ambako joto halifiki, na karatasi yenye maandishi yako iviringishe shingoni mwake.